Sahani za Santuri na Kumbukumbu Zinazofungamana Nazo



Ndugu mmoja katika wanaohudhuria darasa letu ametuuliza suala ambalo kwa dhahiri yake ni dogo, lakini tulipoligeuza na kuligeuza tumeliona lina kina. Amesema: sisi tu watu wachache, hukutana baada ya sala ya Isha kila mwisho wa juma, kila mmoja huja na sahani ya santuri au kanda aipendayo, ikapigwa, kisha mwenyewe akasimulia yanayomkumbusha, ikiwa ni harusi, au safari, au marehemu wake, au ujana wake. Je, katika jambo hili mna ubaya? Na ameongeza suala la pili, juu ya kasha la sahani aliloachiwa na babake, nalo tutalijibu mwisho.

Hatukukusudia kufungua hapa mlango wa khitilafu ya wanavyuoni juu ya vinanda na nyimbo. Mlango huo umekwisha kufunguliwa na wakubwa kuliko sisi, na kila msomaji ajua amfuatae. Mwenye kuona kuwa kusikiza ni haramu, suala hili kwake limekwisha kabla ya kuanza. Tutakalo kulitazama sisi ni jingine, nalo huwapata hata wale wasiosikiza ila kisomo cha Qur'ani. Kwani wako wasioweza kuisikia kanda ya Sheikh Abdul Basit Abdus-Samad, aliyefariki mwaka 1988, bila ya kujiwa na siku ya mazishi ya mzazi wao, mpaka ile sura yenyewe ikawapita bila ya kuizingatia. Suala ni hili: kumbukumbu iliyojifunga na sauti ni haki ya nani? Na mtu anapoitoa mbele ya wenziwe, ni kitu gani hasa anachokitoa?

Vijana wetu waliozaliwa na nyimbo ndani ya simu hawaijui sahani ya zamani, basi na tuwaeleze kidogo. Ilikuwa nyeusi, nzito, na nyepesi ya kuvunjika kama kigae, kwa sababu ilifanywa kwa laki, yaani utomvu utolewao na kijidudu cha Bara Hindi. Ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja haukuchukua ila dakika tatu au zaidi kidogo. Kwa hivyo wimbo wa taarabu, ambao barazani huimbwa mpaka watu wakatosheka, ulilazimika kukatwa: nusu upande huu, nusu upande wa pili, na baina yake mtu husimama akaigeuza sahani na kubadilisha sindano. Wako wazee ambao mpaka leo wakiusikia wimbo huo umeunganishwa mzima hutulia mahali pale pa kukatikia, wakingoja. Na hili neno albamu tulitumialo leo kwa nyimbo, asili yake ni lile lile la picha: sahani hizo ziliwekwa katika kitabu chenye mifuko badala ya kurasa, na mtu akakifungua kama afunguavyo picha za jamaa zake.

Katika zilizouzwa pwani yetu kabla ya vita vya pili mna za chapa ya mbwa. Mbwa yule, aliyechorwa akiinamia tarumbeta la mashine, jina lake ni Nipper, na mchoraji wake ni Mwingereza, Francis Barraud. Kabla yake mbwa alikuwa wa nduguye mchoraji, na huyo nduguye alikufa mwaka 1887, zamani kabla ya picha kuchorwa. Basi watu wetu walikuwa wakinunua, bila ya kujua, sahani ambayo juu yake tayari pamebandikwa sura ya kumbukumbu: mnyama anasikiza sauti, na mwenye mnyama hayupo.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, alipozungumza juu ya kusikiza katika kitabu chake Ihya, alieleza jambo ambalo sisi twaliona ndilo ufunguo wa suala hili. Maana ya maneno yake ni kwamba sauti haitii moyoni kisichokuwamo. Huchochea kile kilichokwisha kuwamo. Lau twalikubali hilo, na hatuoni njia ya kulikataa, basi mtu asemapo, "Naupenda wimbo huu," mara nyingi hakuusifu wimbo. Amelitaja jambo la moyoni mwake, na wimbo ni kijiti tu cha kuchokorea makaa. Wala hilo si aibu. Aibu huingia pale asipolijua, akadhani kuwa makaa ni ya kile kijiti.

Tumepata kuketi, miaka michache nyuma, katika baraza ya mzee mmoja hapa Mombasa, mtu wa heshima na mkarimu. Alikuwa na mashine yake ya santuri inayofanya kazi vizuri, naye alitupigia sahani moja, akatwambia kuwa hiyo ndiyo iliyonunuliwa kwa ajili ya harusi yake mwaka 1964. Akasimulia kwa furaha: biriani iliyopikwa, jamaa waliokuja kwa chombo kutoka Lamu, marehemu mkewe alivyokuwa kijana, marehemu babake alivyocheka. Akasema kuwa akiusikia wimbo ule huiona nyumba nzima ikimetameta. Sote tulifurahika naye. Nduguye wa kike, bibi mzima wa umri uliokaribiana na wake, alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, akitengeneza kahawa. Wimbo ulipokwisha alinena kwa sauti ya upole kabisa:

"Kwangu mimi, kaka, wimbo huo ni usiku nilioambiwa sitarudi tena skuli."

Ikabainika kuwa usiku ule zilikuwa harusi mbili. Kwa kupunguza gharama, mtoto wa kike aliozwa pamoja na kakake, na alikuwa na miaka kumi na minne, umebaki muda mchache afanye mtihani wa kumaliza. Mzee alijua, bila ya shaka, kuwa nduguye aliolewa usiku ule. Lakini hakuwahi kuyaunganisha yale mawili. Katika kumbukumbu yake, nduguye alikuwa ni mmoja katika waliokuwa wakifurahi. Alinyanyuka ili aiondoe sahani, na bibi akasema, "Iwache. Ni nzuri. Naipenda hata mimi." Kisha akaleta kahawa.

Tumelifikiri sana neno la bibi yule. Hakusema kuwa nduguye mwongo, na kweli hakuwa mwongo; kila alilolisimulia lilikuwa. Wala hakuukasirikia wimbo. Alilolikataa ni kitu kimoja tu: kwamba usiku ule usimuliwe kama kwamba ulikuwa wa mtu mmoja. Katika sharia yetu shahidi hutakiwa aseme aliyoyaona, na asiyajaze yale asiyoyaona kwa dhana yake. Mwenye kusimulia kumbukumbu ya sahani naye ni shahidi, ijapokuwa hakuapishwa. Hana budi kusema, "Mimi niliona hivi." Akisema, "Siku zile zilikuwa hivi," amekwisha kuwasemea watu walio nyuma ya pazia.

Na utamu wa sauti ndio unaotelezesha hapa. Siku yenyewe ilikuwa na jua na deni na maumivu ya jino. Wimbo haukuhifadhi hayo. Mtaalamu wa Kiingereza, Frederic Bartlett, katika kitabu alichokitoa mwaka 1932, alieleza kuwa mtu akumbukapo hatoi kitu kilichowekwa sandukuni kikiwa kizima, bali hukijenga upya kila mara kwa vifaa alivyo navyo wakati huo. Basi tazama ajabu ya jambo hili: sahani haibadiliki ila kwa mikwaruzo, na kumbukumbu iliyofungwa nayo hubadilika kila ipigwapo. Mtu hudhani kuwa ana ushahidi madhubuti, kwa kuwa wimbo ni ule ule. Wimbo ni ule ule, kweli, lakini haukushuhudia chochote. Ulirekodiwa mahali pengine, na watu wengine, kwa sababu nyingine.

Hizo sababu nyingine ndizo tunazotaka kuzitaja sasa, kwani si haki kuzungumza juu ya kumbukumbu za wasikizaji tukasahau kuwa wimbo nao una kumbukumbu yake. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alisafiri na wenziwe mpaka Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti katika sahani, na hazikupita siku nyingi zikawa zinasikika pwani nzima. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Katika nyimbo zijulikanazo kuwa ni zake mna ule uitwao "Kijiti". Wengi wetu tumeusikia, na baada yake uliimbwa na wengine, akiwemo Bi Kidude aliyefariki mwaka 2013. Umepigwa harusini, umepigwa katika tamasha za wageni, na hatuna shaka kuwa yuko mtu aliyemposa mkewe siku alipousikia, na kwake yeye ndio wimbo wa mapenzi.

Na khabari ya wimbo ule ni khabari ya mauaji. Mwanamke mgeni, aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam, aliuawa, naye alikuwa mja mzito. Mwuaji akatorokea bara. Na waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa, kwa ajili ya tembo iliyokuwapo katika matembezi yale. Waimbaji waliutunga ili dhulma ile isipite kimya mbele ya mahakama ya wakati ule. Yaani marehemu yule, ambaye hakupata haki kwa kadhi wala kwa hakimu wa Kizungu, alipata wimbo. Hiyo ndiyo haki yake pekee iliyosalia duniani.

Je, mtu aliyeufunga wimbo huo na posa yake amemdhulumu? Sisi hatusemi hivyo. Moyo hauombi rukhsa kabla ya kushikamana na sauti. Na ambaye hakujua, hakujua. Lakini akishajua, na hapa ndipo tunaposhikilia, hawezi tena kuupiga mbele ya wenziwe akasimulia posa peke yake. Ataje posa yake, kisha amtaje marehemu. Dakika mbili hazimpunguzii furaha, na kama zitampunguzia basi na apunguziwe. Tunajua baadhi ya ndugu zetu watatwambia kuwa huko ni kuvunja starehe za watu. Tunawajibu kuwa bibi wa nyuma ya pazia hakuvunja starehe ya mtu. Kahawa ilinywewa, na baraza ile ilikuwa na maana zaidi baada ya neno lake kuliko kabla yake.

Asije mtu akafahamu kuwa twasema wimbo haujuzu kuchukua ila mzigo uliofungiwa na mtungaji. Hilo halina msingi. Mwaka 1966 Umm Kulthum aliimba Cairo wimbo uitwao "Al-Atlal", maana yake Magofu. Shairi lake ni la Ibrahim Nagi, tabibu na mshairi aliyekuwa amekwisha kufa mwaka 1953, na maudhui yake ni mapenzi yaliyobomoka. Mwaka mmoja baadaye, mwezi wa Juni 1967, Waarabu walishindwa vitani, na watu kutoka Baghdad mpaka Casablanca wakaanza kuusikia wimbo ule kama kwamba magofu yake ni yao wote. Nagi hakukusudia hivyo, wala hakuwako kuulizwa. Lakini hapakuwa na uwongo: waliolia walijua wanalia nini. Kadhalika marehemu Juma Bhalo wetu hapa Mombasa alichukua sauti za nyimbo za filamu za Kihindi akazitia maneno ya Kiswahili. Na katika mtaa mmoja huenda jirani Mhindi akaisikia sauti dirishani akakumbuka sinema na mkewe, na Mswahili wa chini akakumbuka fumbo alilopigwa na mtu wa mtaani. Wote wawili wamo katika haki zao. Ugomvi huanza pale mmoja asemapo kuwa sauti ni yake.

Na hapa twafikia ugonjwa wa baraza zetu ambao hatuwezi kuupita, nao ni watu wazima kuwadharau vijana kwa nyimbo zao. Mtu huleta sahani yake, ikapigwa. Kijana akiwa hakutikisika, huambiwa kuwa hana masikio, na kwamba siku hizi hakuna waimbaji. Wataalamu wawili wa Marekani, Morris Holbrook na Robert Schindler, walichapisha mwaka 1989 uchunguzi wao juu ya umri na nyimbo, wakaona kuwa watu huelekea kupenda zaidi nyimbo zilizokuwa zikivuma walipokuwa na umri wa karibu na miaka 24. Basi mzee huyo angezaliwa miaka arubaini baadaye angezitetea kwa moto huo huo hizo anazozitukana leo. Hatusemi kuwa nyimbo zote ni sawa. Ziko zilizotungwa kwa ustadi na ziko zilizotungwa ovyo, na ustadi waweza kuonyeshwa kwa dalili: lugha yake, vina vyake, mkono wa mpiga udi. Marehemu Zein l'Abdin wa Lamu hakuhitaji ujana wa mtu yeyote kuthibitisha kuwa alijua kupiga udi. Lakini dalili ni kitu kimoja, na "nilikuwa na miaka ishirini" ni kitu kingine. Kijana hana deni la kuyapenda makaa yasiyo ya moyoni mwake. Anachodaiwa ni adabu ya kusikiza mpaka mwisho, na mzee adaiwa hiyo hiyo ikifika zamu ya kijana, wala si kwa uso wa kuonja shubiri.

Limebaki jambo moja ambalo ni zito, ijapokuwa maneno yake ni machache. Mji wetu ni mdogo. Taarabu yetu ni ya mafumbo, na fumbo hulengwa mtu. Basi mtu anapofungua kumbukumbu ya wimbo, mara nyingi hufungua na jina: wimbo huu aliimbiwa fulani alipoachwa, huu aliutuza binti wa fulani, huu tuliusikiza na fulani usiku ule tulipokwenda mahali fulani. Mwenyezi Mungu amewasitiri watu kwa muda wa miaka hamsini, na sahani ya dakika tatu inawafichua mbele ya wajukuu wao. Maovu yake mwenyewe mtu ameamrishwa ayasitiri, asiyatangaze kwa kuyaonea fakhari kwa kuwa tu yalikuwa ya ujana na yana muziki. Na ya mwenziwe ndiyo zaidi. Haijuzu. Hapa hatuna maneno mawili.

Kwa hivyo jawabu yetu kwa ndugu aliyeuliza ni kuwa makutano yao hatuyaoni na ubaya kwa upande huu tulioutazama, kwa sharti hizo zilizotangulia. Na twampa shauri moja zaidi, kwamba wasiwe wanaume peke yao katika kusimuliana. Kila mmoja akirudi nyumbani ampigie mkewe au nduguye au mamake sahani ile ile, kisha amuulize yeye inamkumbusha nini, na asimkatize. Tunadhani baadhi yao watashangaa.

Ama suala la pili: babake ameacha kasha la sahani, naye ana ndugu watatu wa kike ambao, kama asemavyo, hawazijali, je, aweza kulichukua? Jawabu: sahani hizo ni mali katika mali za marehemu, nazo zina thamani, wako watu Ulaya na hapa nchini wanaozitafuta za zamani na kuzinunua kwa fedha nzuri. Zikadiriwe na ziingizwe katika mirathi, au ndugu zake waridhie kwa ulimi wao, sio kwa yeye kudhani kuwa wameridhia. Na kabla ya kuwauliza kama wanazitaka, aketi nao azipige zote, moja baada ya moja, kwani mtu hajui kama anakijali kitu mpaka akisikie. Akishazipata kwa halali, azisimamishe wima kama vitabu wala asizilaze moja juu ya moja. Aziweke mbali na dirisha la jua, kwani za laki hupinda. Na asizifute kwa spiriti kabisa, kwani spiriti huyeyusha laki, bali kitambaa laini kikavu. Juu ya kila mfuko aandike kwa kalamu ya risasi aliyoyasikia kwa babake juu ya sahani ile, na jina la aliyemsimulia, na kama dada zake wana neno lao juu yake aliandike chini yake kama walivyolisema. Na sindano ya chuma aibadilishe kila upande. Wengi huionea ubakhili, nayo ndiyo ilayo sahani.